Hita Inapasha Joto Leicester Nzima

Bili ya umeme imeingia asubuhi. Uniti moja kama robo pauni, na juu yake ile tozo ya kila siku, unayolipa hata ukikaa gizani kama popo. Yote hiyo kwa ajili ya nini? Mchaichai.

Ndiyo, mchaichai. Kwetu unaota nyuma ya choo, hauombwi wala haushukuriwi. Hapa Leicester, Uingereza, umejengewa nyumba ya vioo, futi 6 kwa 8, ukawekewa hita ya kilowati 2, na mwenye nyumba anaangalia taarifa ya habari akiwa na koti.

Kibanda hicho kina kama mita 20 za mraba za kioo. Kioo cha tabaka moja kinavujisha karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje nyuzi 2 chini ya sifuri, ndani unataka 5: 20 mara 6 mara 7, wati 840. Masaa 12 ya usiku ni uniti 10. Pauni mbili na nusu kwa usiku mmoja, majani ya chai!

Dawa ni nailoni ya vipovu. Si ile iliyokuja na televisheni. Hiyo jua likiipiga msimu mmoja inabaki makapi. Nunua ya bustani, yenye vipovu vikubwa, inayohimili jua. Osha vioo kwanza, mwanga wenyewe wa Desemba ni wa kukopa. Vipovu vitazame kioo. Anza na paa, huko ndiko joto linakokimbilia. Kwenye fremu ya alumini tumia zile klipu za plastiki zinazoingia kwenye mfereji, ukizizungusha zinakaza. Mbao inataka pini tu. Selotepu achana nayo: kioo kikitoka jasho usiku inaachia, asubuhi unakuta nailoni imemkumbatia mchaichai kama bwana harusi. Dirisha la paa likatie kipande chake peke yake, ili mchana lifunguke. Ziba na mwanya chini ya mlango. Ukifanya hayo, zile wati 840 zinashuka karibu nusu.

Hapo ndipo shemeji anapofika. Kila nyumba ina shemeji huyu.

"Shemeji, umeme wa nini? Mshumaa mmoja, unaufunika na chungu cha maua. Kuna video."

Unamjibu kwa adabu, ni kaka wa mke. Mshumaa mdogo, shemeji, unatoa kama wati 30.

"Na chungu?"

Chungu hakitoi kitu, shemeji, kinapokea tu.

"Kiguse uone!"

Unakigusa, unaungua, na yeye anatazama kidole chako kama hakimu aliyepata ushahidi. Unavumilia. Unagawa ile nusu iliyobaki baada ya nailoni: 420 kwa 30, mishumaa 14.

"Basi tuweke 14."

Kila mmoja unawaka masaa manne, shemeji. Usiku mmoja mishumaa 42. Nani ataamka saa sita, aamke tena saa kumi?

"Wewe si ndiye mwenye mchaichai?"

Halafu 14 inawaka ndani ya kibanda kilichotandikwa nailoni!

Kimya. Anaitazama nailoni. "Na nani alikuambia uweke nailoni?"

Astaghafiru. Hujamaliza kuvuta pumzi ameshahamia kwenye mafuta ya taa, bibi yake kalea wajukuu tisa kwa mafuta ya taa. Unamweleza: lita moja ikiungua inatoa zaidi ya lita moja ya maji, yanapaa kama mvuke.

"Si ndiyo vizuri? Inamwagilia yenyewe."

Haimwagilii, shemeji! Mizizi iko chini! Yale maji yanalala kwenye majani, yanaleta ukungu wa kijivu, yanaozesha kila kitu mpaka kwenye shina, na lazima ufungue dirisha kuyatoa, na joto lote linatoka nayo, sasa unapasha nini? Unapasha nini, shemeji?

"Usikasirike. Kuna chai?"

Anataka ya mchaichai. Mabua matatu.

Tuyaache. Themostati, kile kidude kinachowasha na kuzima hita, nayo iwe usawa wa mimea na mbali na jua. Ukiiacha mlangoni inasikia upepo, hita haipumziki. Mimea ikiwa michache, ning'iniza pazia la nailoni hiyo hiyo, upashe nusu tu ya kibanda.

Pilipili usiihesabu humo. Inataka nyuzi 10 na zaidi, ipeleke dirishani jikoni ikae na watu. Sukuma wiki ndiyo iko nje, imesimama kwenye barafu bila hita wala bili, na baridi inaizidishia utamu. Dukani kifungu bei yake usiulize, na wanaikatakata na vijiti vyake vyote, vigumu kama njiti za mswaki. Saa kumi jioni hii, giza linaingia, na mlango wa kibanda sijui nani kauacha wazi.