Kitelezi cha sauti kisichopunguza sauti

Jamani, kwenye programu za kurekodi muziki, nani aliamua treki ya MIDI iwe na kitelezi cha sauti pacha wa kile cha treki ya audio? Unakishusha hadi chini, piano inaendelea kupayuka. Ndiyo, maana MIDI haina sauti! Ni maagizo tu: noti ipi, imegongwa kwa nguvu gani. Kitelezi kile kinatuma kontrola namba 7, yaani agizo la kiwango cha sauti, kuanzia 0 hadi 127, na ala isiyoisoma haishtuki. Punguza kwenye chaneli ya ala yenyewe.

Haya, kikikubali, ukicheza tangu mwanzo kinaruka kulekule juu. Kumbe kuna kontrola 7 nyingine imejificha kwenye baa ya kwanza ya wimbo! Ifute kwenye orodha ya matukio.

Na noti zinazoganda je? Umekata klipu katikati, kontrola 64, ile ya pedali ya kurefusha noti, ikabaki 127, yaani pedali imekanyagwa. Ile 0 ya kuiachia imeondoka na kipande ulichofuta. Sasa mtaa mzima unasikia noti moja hadi alfajiri. Chora 0 mwishoni mwa klipu, au bonyeza kitufe cha kunyamazisha noti zote. Ukikiona, lakini. Nani hukificha ndani ya menyu, ndani ya menyu nyingine?