Krete kwa gari la kukodi: ikate ratiba yako nusu

Kila miezi ya joto inapokaribia huku Uingereza, hakosi ndugu au rafiki wa kunipigia simu kuulizia habari za kukodi gari kwenye visiwa vya Ugiriki. Tangu niliporudi Krete na Mama jibu langu ni lile lile: kodi, tena kodi gari dogo, lipia bima kubwa, halafu chukua ratiba uliyopanga uikate nusu. Hilo la mwisho watu hawalipendi, nami ndilo ninalolishikilia kuliko yote.

Krete si kisiwa cha kuzunguka asubuhi ukarudi kula mchana. Kutoka magharibi hadi mashariki ni kama kilomita 260, na katikati kuna milima ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,400. Kutoka Heraklion hadi Chania ni kilomita 140 hivi. Na ukifika Chania hujafika bado Elafonisi, ule ufuo wenye mchanga wa rangi ya waridi ambao kila mtu amepigia picha. Ongeza saa moja na nusu ya kona. Wapo wageni wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, jua kali, watoto wamechoka nyuma, na usukani uko upande ambao dereva hajauzoea. Kama unatoka mji mmoja wa kaskazini kwenda mwingine, mabasi ya KTEL yanatosha kabisa. Gari ni la kule ambako basi ni la nadra au halifiki.

Sisi tulilihitaji kwa ajili ya Mama. Ni mtu wa Lushoto, na tangu nikiwa mdogo namwona akirudia Matendo ya Mitume sura ya 27, pale merikebu ya Paulo inapopita kwa shida kando ya Krete hadi mahali paitwapo Bandari Nzuri. Nilipomwambia kuwa mahali hapo papo hata leo, panaitwa Kali Limenes, yaani jina lile lile kwa Kigiriki, hakutaka tena kusikia habari za ufuo mwingine.

Kule magari hupita kulia. Ukiwa kwenye foleni unazoea upesi, kwa sababu unafuata walio mbele. Hatari ni kipilefti, ambacho unakizunguka kinyume cha kwetu, na ile asubuhi unapotoka sheli peke yako, barabara tupu, na mikono inakupeleka kushoto yenyewe. Mama alipewa kazi ya kusema "kulia" kila tulipoingia barabarani. Aliifanya siku zote saba, hakusahau hata mara moja.

Barabara kuu ya kaskazini, kwa sehemu kubwa, ina njia moja kila upande, na pembeni kuna ukingo wa lami uliotengwa kwa mstari. Mwenyeji akiona nyuma yake kuna mwenye haraka, anahamia ukingoni, nusu gari ndani nusu nje, mwendo ule ule, mwenzake apite. Usipohama atakusogelea hadi unaona macho yake kwenye kioo. Wageni wengi wanashauriwa wafanye kama wenyeji. Mimi nasema hapana. Ule ukingo unakatika ghafla ukifika darajani. Nyuma ya kona unaweza kukuta pikapu ya mkulima imeegeshwa hapo hapo, au mtu anatembea kwa miguu. Mwenyeji anajua kila mahali unapokwisha, wewe hujui. Punguza mwendo, washa indiketa, ingia penye nafasi ya kusimama, waache wapite wote. Nilifanya hivyo labda mara ishirini kwa siku na hakuna tulichokosa.

Halafu kuna vile vijinyumba. Kando ya barabara zote za Ugiriki utaviona: kikanisa kidogo cha chuma au saruji juu ya nguzo, kina kidirisha cha kioo, ndani picha ya mtakatifu na taa ya mafuta. Vingine vimewekwa kwa shukrani na mtu aliyenusurika, vingi ni vya waliofia hapo. Kwenye kona moja ya mlimani tulisimama kupisha mbuzi, na mbele yetu mama mmoja mzee, mavazi meusi, alikuwa amefungua kidirisha akiongeza mafuta kutoka kwenye chupa ya maji ya plastiki. Ndani kulikuwa na picha ya kijana. Alimwona Mama, akaelekeza kidole kwenye gari letu, akashusha kiganja taratibu mara mbili: "Sigá, sigá." Mama hakuhitaji mkalimani. Alimjibu, "Polepole, dada," wakashikana mikono.

Sasa habari ya pesa, niseme haraka. Bima ya kawaida iliyomo kwenye bei mara nyingi haigusi tairi, vioo wala chini ya gari, na mikataba mingi inakataza njia za vumbi. Soma kabla hujasaini. Kwenye safari ya nyuma kampuni moja ilinikata pesa kwenye kadi kwa mkwaruzo wa rimu ambao niliuona nikichukua gari ila sikuupiga picha. Siku hizi nachukua video ya gari zima, rimu zote nne, mbele ya aliyenipa funguo. Na anayekuja na leseni ya Tanzania au Kenya aje pia na leseni ya kimataifa.

Kali Limenes tulifika saa nane badala ya saa sita, kwa gia ya pili sehemu kubwa ya mteremko. Mbele ya ghuba kuna kisiwa kidogo chenye matangi ya mafuta, nikaogopa Mama atavunjika moyo. Hata hakuyatazama. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini na kitenge chake kikalowa, akaanza kusoma ile sura kwa sauti, kwa moyo, bila kitabu.