Majeraha Yaliyohamia Ndani

Nchi nyingi zilipowataka watu wabaki majumbani mwaka 2020 ili kupunguza kasi ya UVIKO-19, wodi za majeruhi zilipungukiwa na wagonjwa, na hapo ikazuka hoja inayorudiwa hadi leo kana kwamba imekwisha kuthibitishwa: kwamba karantini, pamoja na hasara zake zote, angalau iliwaepusha watu na ajali. Hoja hiyo si ya kubeza. Viwanja vya michezo vilifungwa, kazi nyingi za hatari zilisimama, na vitanda vilivyoachwa wazi vilihitajika kwa wagonjwa wa mapafu.

Mfano unaopendwa zaidi ni wa Afrika Kusini, ambako majeruhi walipungua sana baada ya tarehe 27 Machi, karantini ilipoanza, wakaongezeka tena mwezi Juni. Lakini kilichobadilika Juni ni nini hasa? Uuzaji wa pombe, uliopigwa marufuku tangu siku ya kwanza, uliruhusiwa, na Julai serikali ikalazimika kuuzuia upya. Kwa hiyo si rahisi kusema kama kilichowaokoa watu ni kufungiwa kwao au kufungwa kwa chupa.

Marekani inatatiza zaidi. Umbali uliosafiriwa na magari mwaka 2020 ulipungua kwa zaidi ya asilimia 10, na kwa hesabu ya kawaida vifo vya barabarani vingepaswa kupungua pia. Badala yake vilipanda kutoka takriban 36,000 hadi takriban 39,000. Barabara tupu iliwaalika madereva kukimbia, wengine bila mkanda, wengine wamelewa, hata hatari kwa kila kilomita ikazidi kwa karibu moja ya tano. Msongamano tunaoulaani kila siku, kumbe, ulikuwa ukiwapunguzia watu mwendo.

Ndani ya nyumba hakukuwa na takwimu safi kama hizo. Wazee waliendelea kuanguka na kuvunjika nyonga, kwa kuwa wengi wao huangukia nyumbani hata katika nyakati za kawaida. Watoto walishinda karibu na maji ya moto na dawa za kutakasa. Tarehe 5 Aprili 2020 António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba amani majumbani kwa sababu ya ukatili dhidi ya wanawake.

Tukisema kwamba sehemu ya majeruhi walioumia nyumbani ilikua, mtetezi wa karantini ana haki ya kutuonya hapa kuhusu asilimia. Ikiwa kati ya majeruhi wote 100, walioumia nyumbani ni 30, kisha jumla ikashuka hadi 60 na wa nyumbani wakabaki 30 vilevile, sehemu yao itaruka hadi nusu bila mtu hata mmoja kuongezeka. Onyo hilo nalikubali. Hata hivyo, linachukulia kwamba wote walioumia walifika hospitalini, na hilo ndilo lisiloaminika: aliyeogopa kuambukizwa alijifunga kidonda mwenyewe, na aliyepigwa na mumewe alihitaji kupita mbele ya mume huyohuyo ili kufika mlangoni. Aliyevunjika mkono na kusubiri wiki kadhaa alifika na mfupa uliokwisha kuunga vibaya, akaandikwa katika daftari la mwezi ambao karantini ilikuwa imekwisha kulegezwa.