Mkono wa Kushoto wa Tatu

Kwenye kibanda changu cha ushonaji, Tandika, Dar es Salaam, juu ya kile kioo cha wateja, kuna msumari umetundikwa mikono miwili ya gauni la kitenge. Yote miwili ni ya kushoto. Aliikata mwanafunzi wangu katika mwezi wake wa pili kazini, tena kitenge cha mteja, na nilichokwenda kukitafuta Kariakoo kufidia hakikufanana hata rangi. Nikaitundika pale ili kila akiinua macho akumbuke. Mimi niliona huo ndio ualimu.

Sasa nisikilizeni.

Cherehani niliyojifunzia ni ile ya kukanyaga kwa miguu, ya marehemu mama. Kichwa chake kimelala ndani ya meza yake, kimelingana na ubao, kitambaa kikitoka chini ya sindano kinateleza zake mpaka kinaanguka miguuni mwa fundi. Hiyo ilibaki Morogoro kwa dada yangu. Ninayotumia mjini ni ya umeme, ya kubeba, na siisemi vibaya: mkono wake wa chini ni mwembamba, mguu wa suruali unauvisha kama soksi. Lakini ukiiweka mezani inasimama juu inchi tatu nzima, na kushoto kwa sindano hakuna kitu, ni hewa. Ukishona blauzi huoni tatizo. Siku utakayoletewa mapazia ndiyo utaelewa. Kitambaa kinaning'inia, uzito unavuta, sindano inapinda, mshono unaondoka kama mtu anayetoka kwenye pombe. Halafu sindano inagonga bati la chini, ta!, na kipande kinaruka, unabaki umefumba macho na kujipapasa uso.

Mimi nililetewa mapazia ya madirisha sita, kila dirisha pande mbili, kitambaa kizito na bitana juu yake. Mama mwenye mapazia alikuwa na wageni wa posa Jumamosi. Mpaka Jumatatu jioni nilikuwa nimemaliza pande mbili na kuvunja sindano tano, namba 16 zote.

Dawa ya shida hiyo inajulikana: meza ya nyongeza. Unachukua ubao, unautoboa tundu la umbo la cherehani, unaupa miguu mifupi, unauvisha cherehani, na ghafla una uwanja wa kushonea uliolingana na sindano. Nikajiambia, mimi ninayekata suti ya mtu ambaye bega moja limeshuka, ubao wa bapa utanishinda?

Jumanne asubuhi nikaenda Keko kwa mafundi samani. Mzee mmoja akaniuzia kipande cha ubao wa MDF kilichobaki kwenye kabati la mtu, futi mbili kwa futi moja na nusu, unene robo tatu ya inchi. Upande mmoja mweupe unang'aa kama sahani, upande wa pili ni kahawia, unakwaruza kama mkate wa jana. Mzee akaniuliza, "Binti yangu, nikukatie?" Nikamwambia, "Shukrani, mzee wangu, nitakata mwenyewe." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye randa yake.

Miguu niliipatia, na hilo naomba liandikwe. Kitako cha cherehani inchi tatu, toa unene wa ubao, inabaki inchi mbili na robo. Vipande vinne vya mbao, gundi, skrubu, kwisha. Yaliyobaki ndiyo kesi.

Nilisimamisha cherehani juu ya karatasi ngumu ya boksi, nikaizungushia penseli, nikakata kiolezo. Cherehani haina umbo la kueleweka: kushoto imechongoka, kulia ni pana, na kwa nyuma kuna tumbo linalojitokeza pale waya unapoingia. Kiolezo kilitoka kizuri mpaka nikamwonyesha jirani. Halafu nikauweka ubao mezani, na hapo mkono wangu ukafanya jambo ambalo umelifanya kwa miaka kumi na minne bila kuniuliza.

Ukauinamisha ubao, upande mweupe chini, nikachora kwa nyuma.

Fundi nguo gani anachora kwa mbele? Chaki huchorwa upande wa nyuma wa kitambaa, ili hata isipofutika mteja asiione. Na kitambaa chenyewe umekikunja mara mbili, kwa hiyo ukikata mkono wa kushoto, wa kulia unazaliwa papo hapo chini yake, kama wanangu Kulwa na Doto. Ubao haukunjwi. Ubao huzaa mmoja tu, na ukiuchora kwa nyuma, anazaliwa kinyume.

Mwanafunzi wangu alikuwa anashona vifungo kwa mkono pale kwenye benchi. Akasema, taratibu, "Mama Kulwa, hapo hukutakiwa kukigeuza kiolezo?"

Nikamjibu, "Wewe mwenye mikono miwili ya kushoto, nyamaza nifanye kazi."

Akanyamaza.

Shemeji yangu ni fundi umeme, akaja na mashine yake ya kutoboa, akanitobolea tundu la kuanzia, akaondoka. Nikaingiza msumeno mwembamba wa kukatia chuma. Nilikata kwa muda wa saa tatu. Vumbi la MDF si la kawaida, ni unga, lilitua kwenye chai, kwenye nywele, kwenye bitana ya watu. Kulwa na Doto walishika ubao huku na huku wakigombana nani anashika vizuri zaidi. Jua linazama, kipande cha katikati kikadondoka, tundu limekaa wazi kama dirisha. Nikageuza ubao, weupe juu, nikainua cherehani, nikaishusha.

Haikuingia.

Nikaizungusha. Haikuingia. Tumbo la nyuma lilikuwa linatafuta nafasi yake nyuma, na nafasi yake ilikuwa mbele. Nikaizungusha tena, sasa sindano inatazama ukutani na mimi natazama mgongo wa cherehani, na bado haikuingia, maana sasa upana ulikuwa upande wa wembamba. Nilisimama nimeikumbatia kama mtoto aliyekataa kuketi kwenye beseni. Kwenye benchi, kifungo kilishonwa kwa umakini ambao sijapata kuuona kwa yule binti. Hakuinua kichwa hata kidogo. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanatikisika.

Dawa ilikuwa moja: kahawia juu, weupe chini. Nikang'oa miguu, nikaihamishia upande mweupe, mikwaruzo ya gundi ikabaki pale pale kama ndui. Upande wa kahawia nikaubandika kitambaa cha mpira cha mezani, kile cha maua, mabaki ya nyumbani. Cherehani sasa ikakubali kuingia lakini kwa shida, nikawa napiga tupa kidogo, najaribu, napiga kidogo, najaribu, mpaka ikashuka kwa sauti tamu, fyuu, ikakaa. Pembeni hata uzi usingepita. Nikamwita jirani tena. Nikamwambia, "Ona. Hakuna pengo."

Na kweli, ilishona! Jumatano nilimaliza pande tano. Pazia linateleza juu ya yale maua kama mtumbwi, mshono umenyooka, sindano haikuvunjika hata moja. Jambo dogo tu sikuwa nimelifikiria, nalo ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kwenye cherehani yangu bobini haiingii kwa juu. Inaingia kwa mbele, na ili uifikie lazima uvute kile kijisanduku cha vifaa kuelekea kushoto. Kushoto sasa kulikuwa na ukuta wa ubao. Kwa hiyo kila bobini ilipokwisha, tulikuwa tunainyanyua cherehani nzima, mimi nimeshika kishikio, binti ameukandamiza ubao kwa viwiko, tunabadilisha, tunairudisha. Mapazia yenye bitana yanakula uzi. Kufika jioni mgongo wangu ulikuwa unajua idadi ya bobini zote.

Usiku ule ikanyesha. Ilikuwa katikati ya Aprili, masika yenyewe, si manyunyu. Bati la kibanda changu lina tundu ninalolijua, na chini yake huwa naweka ndoo. Lakini meza mpya ilikuwa imesukuma kila kitu futi mbili, ndoo ikiwemo. Alhamisi asubuhi nikakuta cherehani kavu kabisa chini ya kifuniko chake cha nailoni, nikamshukuru Mungu. Maji yalikuwa yameteremka pembeni, yakaingia chini ya maua, yakazunguka tundu lote, mahali nilipokata na kupiga tupa bila kupaka hata tone la rangi. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ukingo wake uliokatwa ukipata maji, unakunywa. Ulikuwa umekunywa usiku kucha. Umevimba kama andazi.

Nilikausha kwa kitambaa, nikawasha, ikafanya kazi. Nikashona pande mbili. Zikabaki tatu. Kisha bobini ikaisha.

Nikashika kishikio, binti akakandamiza, nikavuta. Cherehani ikanyanyuka, na meza ikanyanyuka nayo, na binti akanyanyuka kidogo. Tukairudisha. Tukapaka sabuni ya kipande. Tukapaka mafuta ya kula, kidogo kidogo kwa unyoya wa kuku, tukiliogopa pazia la watu. Kulwa na Doto waliporudi shule nikawaweka mmoja kila kona, wakaning'inia. Hakuna. Doto akaniambia, "Mama, imenona."

Mtasema, si ungemalizia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara? Fundi wa ng'ambo angeuliza kwa nini. Na akishajua yeye, Tandika nzima imejua.

Ijumaa asubuhi nikaita bajaji. Tukapanda mimi, cherehani, na meza yake kiunoni kama mcheza ngoma aliyefungwa kibwebwe. Niliipakata. Kona moja ya ubao ilitokeza nje mvuani, nyingine ilikuwa inamchoma dereva mbavuni kila akikata kona. Alivumilia mpaka kwenye foleni, akageuka: "Samahani, mama. Hiyo inauzwa yote pamoja?" Nikasema hapana, inakwenda kutenganishwa. Akafikiri kidogo. "Kama ndoa," akasema, akaondoa gari.

Yule mzee alikuwa pale pale na randa yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti yangu." Hakuniuliza kitu. Akaiweka juu ya benchi lake, akaigonga hapa, akaigonga pale, akapitisha ukucha kwenye ukingo uliovimba. Akavaa miwani.

"Wewe ni fundi nguo."

"Ndiyo, mzee."

"Mtu akija umshonee sketi, kiuno inchi 30, unakata inchi 30?"

Nikanyamaza.

"Unaacha?"

"Inchi moja ya kupumua. Na ya mshono."

"Na huyu hapumui?"

Vijana wake wawili waliacha kupiga msasa, wakaja kusimama karibu. Mmoja akainama chini ya meza akaona ule upande mweupe unaong'aa, na madoa ya gundi. Akauliza kwa heshima zote kwa nini uzuri nimeuweka chini. Nikamwambia ni mtindo.

Mzee akachomoa msumeno, akapima kwa jicho, akakata kutoka ukingo wa nyuma wa meza kwenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu. Mstari mmoja. Ubao ukalia krrr, ukaachia, cherehani ikatoka kama jino bovu. "Sketi ya kubana," akasema, "lazima iwe na mpasuo nyuma." Kisha akakata pembe ya kushoto mbele, kipande cha ukubwa wa kiganja, kijisanduku cha vifaa kikapata pa kupita, bobini ikapatikana bila kunyanyua kitu. Akapiga tupa kuzunguka tundu lote mpaka kidole chake kikapita, akapaka vanishi ukingo mara mbili, akaniambia nisiiguse mpaka ikauke. Dakika ishirini, siku zangu tatu.

Pesa alikataa. Akaingia ndani, akarudi na suruali mbili. "Zipu," akasema.

Nilimaliza mapazia Jumamosi saa nne asubuhi. Mama mwenyewe alikuja kuyachukua wageni wakiwa njiani, akayapapasa, akasifu mshono, kisha akanusa. "Fundi, mbona yananukia maandazi?" Nikasema ni bitana mpya.

Meza ipo mpaka leo, maua juu, weupe chini, mpasuo nyuma, na sijawahi kuvunja sindano ya pazia tangu siku ile. Lakini Jumatatu iliyofuata nilipofungua kibanda nilimkuta binti ameshafika, ameshafagia, amekaa kwenye benchi anashona vifungo kwa umakini ule ule. Nikainua macho kujitazama kwenye kioo. Kwenye msumari, karibu na ile mikono miwili ya kitenge, kilikuwa kimetundikwa kiolezo changu cha boksi, kimetobolewa vizuri na kufungwa uzi mwekundu.

Nilikitazama. Yeye akatazama kifungo.

Sikukiondoa. Wateja wakikiona huuliza ni nini kile, mbona hakifanani na nguo. Kabla sijafungua mdomo, yeye hujibu: "Huo ni mkono wa kushoto wa tatu. Huo alikata Mama Kulwa."