Ratiba ya Mjomba na Jua Lililochelewa

Tulipokubaliana kwamba likizo ya Julai tutaitumia kwenda kuona matuta ya mchanga ya Sossusvlei, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Namib-Naukluft nchini Namibia, hakuna aliyempa Mjomba kazi ya kupanga safari. Aliichukua mwenyewe, bila kupiga kura na bila kuomba ruhusa. Mjomba alikuwa mwalimu wa Hisabati na, kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, mwalimu wa taaluma, yaani yule mtu anayekaa na karatasi pana, rula na penseli za rangi akihakikisha kwamba hakuna kidato kinachopata walimu wawili kwa wakati mmoja, wala mwalimu anayetakiwa kuwapo katika vidato viwili. Amekwisha kustaafu, lakini ratiba bado haijakubali kustaafu naye.

Msafara ulikuwa na Mjomba, mkaza mjomba, mke wangu, binamu yangu ambaye hupiga picha kila kitu kinachosimama, na mimi. Vikao vya maandalizi vilifanyika sebuleni kwa Mjomba, na kila kikao kilianza kwa kuitwa majina kutoka kwenye daftari la mahudhurio, ingawa wote tulikuwa tumeketi mbele yake tunanywa chai yake. Kengele ndogo ya shaba, aliyopewa siku ya kuagwa shuleni, ililia kila tulipotoka ajenda moja kwenda nyingine. Binamu alipouliza kama kengele nayo inasafiri, Mjomba alimtazama kwa huruma na kumjibu kwamba vipindi havijibadilishi vyenyewe.

Sitamdhulumu: sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa safi. Alijua kwamba kutoka Windhoek hadi Sesriem, mahali lilipo lango la kuingilia Sossusvlei, ni kama kilomita 350, nyingi zikiwa za barabara ya changarawe inayokula matairi, na kwa hiyo akadai gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba. Alijua kwamba dola ya Namibia ina thamani sawa na randi ya Afrika Kusini, na kwamba randi hupokelewa kote nchini, jambo lililompunguzia safu nzima katika jedwali lake la matumizi. Alipanga hata kituo cha mafuta, pale Solitaire, kijiji kidogo kinachojulikana kwa mikweche ya magari ya zamani iliyoachwa mchangani na kwa keki yake ya matofaa. Katika jedwali hilo palikuwa pia na mstari ulioandikwa “Dharura”, na mbele yake aliweka sifuri. Dharura, alitueleza, ni gharama ya watu wasiojipanga.

Tatizo lilikuwa Kipindi cha Nne.

Katika ratiba ya siku kuu, iliyochorwa kwa penseli nyekundu kwa heshima ya rangi ya matuta yenyewe, Kipindi cha Kwanza kilikuwa kuamka saa tisa na nusu usiku, cha Pili kuwa langoni saa kumi na moja kamili, cha Tatu kupanda Dune 45, tuta lililopewa jina hilo kwa sababu liko kilomita 45 kutoka Sesriem, na cha Nne kiliandikwa hivi: “12:00 – 12:15. Jua kuchomoza. Wote.” Nilinyoosha mkono, maana bila kunyoosha mkono huzungumzi, nikasema kwamba huko kusini Julai ni kipindi cha baridi, siku ni fupi, na jua huchomoza baada ya saa moja na nusu. Nikaongeza kwamba mwaka 2017 Namibia iliacha desturi ya kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, hivyo nchi iliyo mbali upande wa magharibi huishi mwaka mzima kwa saa ambayo ingewafaa zaidi watu wa mashariki yake.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

“Mpwa wangu, mimi jua nalifahamu tangu hujazaliwa. Linachomoza saa kumi na mbili. Halijawahi kukosa kipindi changu hata kimoja.”

Ukweli ni kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote karibu na ikweta ana haki ya kuliamini jua kiasi hicho. Hoja yangu iliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama “mengineyo”.

Hoja ya pili ilihusu malazi, nayo ilitetewa na mke wangu. Pale Sesriem kuna malango mawili. Lango la nje hufunguliwa jua linapochomoza, si dakika moja kabla. Lango la ndani, ambalo hulitumia wale tu waliolala ndani ya hifadhi, hufunguliwa saa moja kabla ya hapo. Maana yake ni rahisi: anayetaka kuliona jua likichomoza akiwa juu ya tuta ni lazima alale ndani, na aliyelala nje ataliona jua hilo akiwa kwenye foleni. Mjomba alilinganisha bei, akagundua kwamba nyumba ya wageni iliyo nje ya lango ni nafuu na inatoa kifungua kinywa bure, akahitimisha kwamba lango ni lango. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kifungua kinywa hicho kingeandaliwa wakati sisi, kwa mujibu wa Kipindi cha Kwanza, tumekwisha kuondoka.

Safari ya kwenda ilikuwa njema kuliko nilivyotegemea, isipokuwa pale Solitaire, ambapo kijana wa kituo cha mafuta alitushauri tupunguze kidogo upepo wa matairi, kwa ajili ya changarawe na zaidi kwa ajili ya mchanga ulio mbele. Mjomba alimshukuru, akamwamuru aongeze. Tairi legevu, alisema tulipokwisha kuondoka, ni uzembe wa kwanza. Uzembe wa pili ni kuchomekea shati nusu. Aliongezewa upepo mpaka gari likaanza kurukaruka kwenye makorongo madogo ya barabara, na chai ya tangawizi ya mkaza mjomba ikatoka kwenye chupa bila kufunguliwa.

Saa kumi na moja kamili alfajiri, kama ilivyoandikwa, tulikuwa langoni. Tulikuwa peke yetu. Baridi ilikuwa ya kutafuna mifupa, nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi, na upande wa pili wa lango palikuwa na giza na ukimya wa watu wenye akili timamu waliolala. Saa kumi na mbili ilifika. Mjomba alishuka garini, akatazama mashariki, akatazama saa yake ya mkono, akaitikisa. Saa kumi na mbili na robo, muda ambao kwa ratiba jua lilikuwa limekwisha kuchomoza na sisi tumekwisha kulipongeza, alipiga kengele. Sijui alikuwa anamwita nani.

Ilipofika saa moja kasoro dakika ishirini, tuliona taa za magari zikitoka kambini ndani ya hifadhi, moja nyuma ya nyingine, zikielekea kwenye matuta bila haraka. Hao walikuwa watu wa lango la ndani. Mke wangu hakusema neno; alimpitishia Mjomba kikombe cha chai kwa adabu iliyomchoma kuliko maneno. Askari wa hifadhi alipotokea hatimaye, Mjomba alimwamkia, akamwonyesha ratiba, akamwomba maelezo. Askari aliisoma yote kwa makini, akaisifu mistari, akasema kwamba lango hufunguliwa jua likichomoza. Jua lilichomoza saa moja na dakika arobaini, nyuma ya choo cha lango.

Kufidia muda uliopotea, Mjomba alifuta Dune 45 kwa penseli. Tulilipita likiwa limejaa watu wanaoshuka na picha zao tayari, tukaendelea hadi mahali lami inapokoma, kilomita 60 kutoka langoni. Hapo magari ya kawaida huegeshwa na wageni hupanda magari ya hifadhi kwa nauli, kwa sababu kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu. Mjomba alikataa nauli. Tumelipia magurudumu manne yanayovuta, alisema, tutayatumia yote manne. Palikuwa na kibao kinachowakumbusha madereva kupunguza upepo wa matairi. Alikisoma kwa sauti, akakipita.

Tairi lililolegezwa hutandaa na kuukanyaga mchanga, ilhali lililojazwa mpaka likawa gumu huukata kama kisu, na ukiongeza mafuta ili kujinasua ndipo linapochimba zaidi. Mjomba aliongeza mafuta. Gari liliunguruma, likayumba, likazama taratibu kwa heshima, mpaka tumbo lake likalala juu ya mchanga na milango ikawa inafunguka nusu.

“Mwalimu,” mkaza mjomba alisema kutoka kiti cha nyuma, “gari limekaa.”

Tulichimba kwa mikono, kwa sahani za pikiniki na kwa kandambili za binamu, na mchanga ule, ambao inasemekana mwingi wake uliletwa baharini na Mto Orange, ukasukumwa kaskazini na mkondo wa bahari, kisha ukapeperushwa barani na upepo, haukuwa na nia ya kuondolewa na sisi kwa kandambili. Kila tulichokitoa kilirudi. Magari ya hifadhi yalitupita yakiwa yamejaa wageni wanaotupungia, na Mjomba, aliyesimama wima kando ya gari mikono nyuma, aliwapungia pia, moja moja, kama mkaguzi wa gwaride. Choroa mmoja mwenye pembe ndefu alisimama chini ya mgunga akitutazama. Hapo ndipo kengele ilipopata kazi ya haki kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani: Mjomba aliipiga bila kukoma, choroa akakimbia, na dereva mmoja wa gari la hifadhi akasimama.

Alikuwa kijana mpole sana. Alimwita Mjomba “Tate”, kama wanavyoitwa wazee huko, na mkaza mjomba “Meme”, akaomba kwa unyenyekevu ashikiwe kofia. Kisha alizunguka gari, akachukua kijiti, akabonyeza kidude cha katikati ya valvu, na upepo wa Solitaire ukaanza kutoka kwa mlio mrefu uliosikika kama mtu anayeguna. Alifanya hivyo kwa matairi yote manne huku Mjomba akihesabu kwa sauti ya chini. Halafu akaingia kwenye usukani, akaturuhusu tusukume, na gari likatoka polepole, bila kelele, kana kwamba halikuwa na ugomvi na mtu.

“Tate,” alisema akirudishiwa kofia, “mchanga hautaki haraka.”

Mkaza mjomba alimkunjia noti mkononi. Mjomba alitoa jedwali, akatafuta mstari wa “Dharura”, akaigeuza sifuri yake kuwa tisa kwa kuiongezea mkia, na tarakimu nyingine akaziandika baada yake kwa mwandiko mdogo mno.

Deadvlei tulifika mchana umekwisha kukomaa. Huko ni bonde la udongo mweupe mgumu lililozungukwa na matuta mekundu, lenye migunga myeusi iliyokufa karne nyingi zilizopita baada ya matuta kuukatia njia mto uliokuwa ukiinywesha. Hewa ni kavu kiasi kwamba miti hiyo haiozi, inasimama tu. Wapiga picha huja asubuhi kwa sababu ya vivuli. Sisi tulivikuta vivuli vimekwisha kufupika. Binamu alipanda Big Daddy, tuta lenye urefu wa takriban mita 325, akipiga hatua mbili na kurudi moja, kisha akalishuka mbio kwa dakika chache na kutua miguuni petu akiwa na mchanga hata masikioni. Mjomba alimkaribisha kwa kumwambia kwamba amechelewa Kipindi cha Saba.

Usiku huo, baada ya Mjomba kulala mapema kuliko ilivyoratibiwa, mke wangu alilikuta daftari la mahudhurio mezani limefunguliwa, na tukalisoma wote kwa kurunzi. Mbele ya jina langu paliandikwa: “Yupo. Anabishana.” Mbele ya mke wangu: “Yupo. Adabu ya kutilia shaka.” Binamu: “Mchafu.” Gari: “Alilala darasani.” Na chini kabisa, kwa penseli nyekundu: “Jua. Amechelewa dakika 100. Aje na mzazi.”