Njaa ya Jangwani Huja Julai

Ifikapo Februari, maduka ya vyakula vya mifugo hapa Arizona huweka vifaranga kwenye mabeseni ya bati chini ya taa za joto, na watu huvigombania. Mwaka 2025 hamu ilikuwa kubwa zaidi. Mafua ya ndege yalikuwa yameteketeza mamilioni ya kuku wa mayai Marekani, na mwezi Machi bei ya wastani ya dazeni ya mayai ilifika dola 6.23. Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Tucson na kule Phoenix, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, nao walinunua vifaranga. Sheria nayo ilikuwa upande wao: Mei 2024 Gavana Katie Hobbs alitia saini sheria inayozuia miji na kaunti za Arizona kumkataza mwenye nyumba ya familia moja kufuga hadi kuku sita uani, ingawa majogoo bado wanaweza kupigwa marufuku.

Nilifurahi. Kisha ikaja Juni, na kuku wengi wa watu ninaowafahamu wakafa ndani ya mabanda mazuri, yaliyojengwa kwa fedha na kwa upendo. Siwalaumu wenye kuku. Karibu kila kitu walichofundishwa kuhusu kufuga na kuweka akiba ya chakula kilitoka kwenye nchi ya theluji.

Vitabu na video za ufugaji wa uani Marekani huchukulia kwamba adui ni Januari. Unaelekezwa kuziba mianya, kuwasha taa, kuvuna Septemba na kujaza chupa za akiba kabla ya baridi. Kwenye jangwa letu hili la Sonora msimu wa njaa ni kiangazi. Julai nyanya hazishiki, mayai yanapungua, na mtu mwenyewe hawezi kukaa bustanini ikishapita saa tatu asubuhi. Mwaka mzima wa mfugaji na mkulima wa huku inabidi uilenge Julai: nani atakuwa hai bandani mwezi huo, na nini kitakuwa kabatini. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaanza na kuku.

Kuku hana jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na hewa ikiwa ya wastani hulipunguza kupitia undu wa kichwani, kupitia nyama nyekundu zinazoning'inia kidevuni, na kupitia miguu. Hewa ikivuka nyuzi 32 anaanza kutweta, mdomo wazi, mabawa kayatenga na mwili. Ikifika 41, hewa inakuwa na joto sawa na la damu yake, na kinachobaki ni kutweta tu, yaani kupoteza maji. Sasa chukua kiangazi cha 2023, Phoenix ilipokaa siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, kila siku joto likifika nyuzi 43 au kupita. Tucson iko juu zaidi, kama mita 730 kutoka usawa wa bahari, na huwa na nafuu ya nyuzi chache. Nafuu hiyo haimsaidii kuku aliyefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kidirisha kimoja.

Kutweta huko hufika mpaka kwenye yai. Anapohema kwa kasi, kuku hutoa hewa ya kaboni nyingi mno mwilini, na ganda la yai hujengwa kwa kalsiamu pamoja na kaboni hiyo hiyo. Ndiyo maana mayai ya Juni huwa na maganda membamba yanayopasuka kiotani hata kama unawawekea kuku magamba ya chaza yaliyosagwa kila siku. Watu hushuku chakula, wakabadilisha mfuko, wakaongeza madini. Dawa ni kivuli na maji ya baridi.

Banda la jangwani basi liwe paa na wavu. Wavu mgumu wa chuma unawazuia mwewe na koyoti, mbwa mwitu wa huku, na upepo unapita. Mahali bora kuliko pote ni chini ya mti wa meskiti. Najua wasomaji wa Baringo na Turkana kule Kenya watashtuka, maana huu ni ndugu wa mathenge, mti uliowachosha Wailchamus wa Baringo mpaka wakaenda mahakamani mwaka 2006 na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Huko ulipelekwa ukawa mvamizi. Hapa uko kwao, na sijaona kivuli kinachomfaa kuku kuliko chake, chepesi, chenye hewa. Lowanisha udongo wa chini yake alfajiri na tena mchana, kuku watachimba na kulaza matumbo kwenye ubaridi. Walishe kabla jua halijapanda na lishushapo, kwa sababu kumeng'enya chakula kunazalisha joto. Na maji yakae kivulini, kwenye vyombo zaidi ya kimoja, yabadilishwe. Kuku mmoja anaweza kunywa nusu lita au zaidi kwa siku ya joto, lakini maji ya moto huyakataa. Ndoo ya plastiki iliyoachwa juani inaua ikiwa imejaa pomoni. Mtungi wa udongo, unaotoa jasho na kupoza kilichomo, ni chombo ambacho kila nyumba ya kwetu inakifahamu, na huku kinafanya kazi vizuri kuliko hata kwetu pwani kwa sababu hewa ni kavu.

Vinyunyizio vya ukungu vinasaidia sana Mei na Juni. Mvua za kiangazi zinapoanza, ambazo msimu wake rasmi ni Juni 15 hadi Septemba 30, hewa inajaa unyevu na ukungu ule ule unamzidishia kuku dhiki. Wakati huo zima maji, washa feni.

Kuhusu aina ya kuku nitasema waziwazi. Achaneni na Orpington. Ni kuku mzuri wa macho, mpole, aliyetengenezwa Uingereza kwa hali ya hewa ya Uingereza, amejaa manyoya mengi mwilini. Tafuteni wenye undu mkubwa na mwili mwepesi kama Leghorn na Minorca, au Fayoumi wa Misri, ambaye jangwa analijua. Na tafuteni kishingo. Yule kuku wa shingo wazi ambaye kwetu watoto humcheka ndiye anayetembea uani saa nane mchana wakati wengine wamelala chali kwa joto, kwa kuwa manyoya yake ni machache na ngozi yake inapumua.

Jambo jingine linalowasumbua wageni ni kwamba yai la huku lina msimu. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Tucson mchana wa Desemba ni kama saa 10, wa Juni unapita saa 14, na kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Weka juu yake joto la kiangazi na kunyonyoka manyoya kwa vuli, utaona kwamba wingi wa mayai uko kati ya Februari na Mei. Mayai ya Aprili ndiyo ya kuweka akiba: yavunje, yakoroge na chumvi kidogo, yagandishe kwenye vikombe vidogo, yatakaa friza mpaka mwaka. Nyanya nazo ni hivyo hivyo. Zikipandwa Machi baridi ya kugandisha ikishapita, huiva Mei mwishoni na Juni. Baada ya hapo mchana ukipita nyuzi 35 na usiku ukabaki juu ya 24, maua yanapukutika bila kushika.

Hapa ndipo jangwa linapotoa kwa mkono wa pili. Ili kukausha matunda juani, wataalamu wa usindikaji Marekani wanataka joto lisilopungua nyuzi 30 na unyevu wa hewa ulio chini ya asilimia 60. Sehemu kubwa ya nchi hii haipati hali hiyo, ndiyo maana watu hununua mashine za umeme. Tucson mwezi Juni unyevu wa mchana mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Nyanya zinaiva katika wiki zile zile ambazo hewa iko tayari kuzikausha bure. Zikate nusu, zitie chumvi, zitandaze kwenye chekecheke la mbao lililofunikwa chandarua, ziinue juu ya ardhi ili hewa ipite chini. Kwa siku chache zimekuwa ngumu. Kabla ya kuzifunga, ziweke friza kwa saa 48, au oveni ya nyuzi 71 kwa nusu saa, ili mayai ya wadudu yafe. Majani, yaani kunde, matembele, mlenda, yasianikwe juani moja kwa moja kwani jua linaharibu vitamini A. Yachovye kwanza kwenye maji yanayochemka, kisha yaanike kivulini kwenye upepo. Huku kivuli cha gereji kinatosha kabisa.

Wataalamu hao hao wanasema mboga na nyama zisikaushwe nje, matunda tu, kwa sababu matunda yana sukari na asidi ya kuyalinda. Kuhusu nyama nawafuata. Anayetaka kuikausha nyumbani aipashe kwanza mpaka nyuzi 71 ndani, ya kuku 74, kisha atumie mashine. Kuhusu mboga siwafuati. Tahadhari yao inafaa mahali ambapo jani hubaki bichi siku tatu likavunda. Kunde zilizopita kwenye maji ya moto na kukauka kwa mchana mmoja kwenye hewa ya Juni ya Tucson ni jambo tofauti, na watu wa jangwa hili wamekausha maboga na maharage tangu zamani sana.

Watu hao, Watohono O'odham, ndio walimu ambao ningependa tuwasikilize. Aprili huchuma vichipukizi vya kaktasi ya cholla, wakavichoma na kuvikausha. Juni mwishoni huangua matunda ya saguaro, kaktasi mrefu kama mti, na kupika shira. Maganda ya meskiti, yenye unga mtamu, huku hushauriwa yakusanywe kabla ya mvua, kwa sababu yakinyeshewa huota kuvu wenye sumu. Mvua zikianza hupanda maharage ya tepari, yanayovumilia ukame kuliko maharage mengi. Ukiipanga kalenda hiyo mezani, utaona kila kinachochumwa kinakimbilia kuingia ghalani kabla ya wingu la kwanza. Nendeni shamba la ushirika la San Xavier, kusini mwa jiji, mkanunue tepari na cholla mwone. UNESCO ilipoipa Tucson hadhi ya jiji la upishi mwaka 2015, la kwanza Marekani, urithi huu wa kale wa kilimo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Nasema haya kwa sababu nimewasikia vijana wetu wakiona aibu. Mama anaanika kunde uani, mtoto anamwambia majirani watatuonaje. Jamani! Mimi nimekulia Usukumani, ambako viazi hukatwa vikakaushwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa, na watu wakala mpaka mvua nyingine. Wengine kwao ni makopa ya muhogo, wengine ng'onda wa pwani, wengine dagaa wa Kigoma waliotandazwa mchangani. Ujuzi huo ndio jiji hili linautafuta kwenye warsha za kulipia mwishoni mwa wiki. Isitoshe, mazao yetu ndiyo yanayosimama mvua zikija: bamia, kunde, mchicha na matembele hustawi Agosti wakati saladi za majirani zimeungua.

Kusindika kwenye chupa nitakugusa kidogo tu, kwa sababu ndiko kwenye hatari. Mboga zisizo na ukali wa asidi zinahitaji sufuria ya presha, la sivyo sumu ya botulizimu inaweza kuua bila kutoa harufu. Maelekezo mengi yameandikwa kwa usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Tucson, sufuria yenye uzito wa kupachika hutumia ratili 15 badala ya 10, na chupa zinazochemshwa kwenye maji huongezewa dakika tano. Kwa kuanzia, shikeni madanzi. Mitaa ya Phoenix na uwanja wa chuo kikuu hapa Tucson imejaa miti ya danzi, na matunda yanaanguka yakioza chini. Omba ruhusa ya mwenye mti, tengeneza jemu au achari. Ukali wake unailinda chupa.

Mbolea ya kuku msiimwage mbichi. Udongo wa huku na maji ya mto Colorado tayari vina chumvi nyingi, na samadi ya kuku inaongeza. Ichanganyeni na majani makavu, ioze miezi kadhaa, kisha mwagilieni kwa wingi ili chumvi ishuke.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kuacha vifaranga vya Februari. Atafute mitetea waliokaribia kutaga mwezi Oktoba, joto likishavunjika. Watapata majira ya baridi na ya kuchipua kuzoea uwanja, watakuwa wametaga wakati wa wingi, na Juni itawakuta wakiwa wakubwa wanaojua kivuli kiko wapi na maji yako wapi. Kabla ya kulipa, uliza chama cha wenye nyumba cha mtaa wako, kwa kuwa sheria ya 2024 iliizuia miji na kaunti, haikuvigusa vyama hivyo.