Akiba ya mazishi, nani ataitoa?
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anawahimiza wazee waweke akiba ya mazishi mapema. Namuunga mkono, ila kuna jambo kaligusa juujuu: siku ikifika, hela hiyo ataitoa nani? Baba yetu alijiwekea kwa miaka mingi. Alipofariki, akaunti ilikuwa kwa jina lake peke yake, benki ikaizuia mpaka mirathi ifunguliwe. Tukahangaika kukopa huku na huku, daftari lake la akiba liko mezani mbele yetu, kila ukurasa mwandiko wake. Liliniuma sana lile daftari.

Wazazi wetu, kama ni akaunti ya pamoja, ulizeni kwanza iwapo atakayebaki ataruhusiwa kutoa. Kama ni bima ya mazishi, andikeni jina la mnufaika na msome masharti yote. Nyingi zina kipindi cha kusubiri. Mtu akifa kwa ugonjwa kabla hakijaisha, familia huenda isilipwe fidia kamili. Na michango ikikatika, kinga nayo inaweza kukatika.

Mama sasa nyaraka zake kaziweka kwenye bahasha ya kaki, juu kaandika majina yetu sote.